Miezi saba bila sala: niliyojifunza baada ya kuanguka mkarafuuni

Mkarafuu ulioniangusha aliupanda babu yangu kwa jembe, nami nikaupanda kwa miguu tangu nina miaka kumi. Kila tawi lake nalijua. Mwaka ule karafuu zilikuwa nyingi, Pemba nzima inanukia, majamvi yametandikwa mpaka ukingoni mwa barabara, na wachumaji wanalipwa kwa pishi. Usiku wa kuamkia siku ile mvua ilinyesha na asubuhi shina lilikuwa bado linateleza. Nilipaswa kungoja jua. Lakini karafuu ikishafunguka ua thamani yake imeanguka, na mimi nilikuwa na sare za skuli za watoto kichwani, nikapanda. Kamba niliyotakiwa kujifunga kiunoni niliitumia kuvutia matawi ya mbali. Nikasikia tawi linalia, kisha nikajiona nipo chini, natazama mbingu kupitia majani, na miguu ni kama ya mtu mwingine.

Sasa nina mwaka wa tisa kwenye kigari. Ninaandika kwa ajili ya yule ambaye jana au juzi limemfika kama langu, na kwa ajili ya watu wake wanaomzunguka kitandani bila kujua la kufanya. Mimi nilizaliwa katika Uislamu, nimesoma chuo cha Kurani mpaka nikahitimu juzuu zote, na hata hivyo sikujua kwamba mambo mengi yaliyonihangaisha dini yangu ilishayamaliza tangu zama za Mtume, rehema na amani zimshukie. Kwa kutoyajua nililipa kwa pesa, nikalipa kwa nyama ya mwili wangu, na nikalipa kwa sala za miezi saba.

Nianze na kosa la dakika za mwanzo, kwa sababu linaweza kumtokea yeyote. Vijana wanne walikuja mbio wakaninyanyua, wawili mikono, wawili miguu, mgongo unaning'inia katikati kama gunia. Walitaka kuniokoa na Mungu awalipe kheri. Baadaye daktari aliyenipasua alituambia kwamba pingili iliyovunjika huenda ilisogea zaidi kwa ubebaji ule. Mtu akianguka kutoka juu, msimnyanyue hivyo. Ng'oeni mlango, tafuteni ubao, watu wanne au watano wamgeuze kwa pamoja mwili mzima ukiwa umenyooka kama gogo, alazwe juu yake, kichwa kishikwe kisiyumbe. Kuchelewa robo saa mkitafuta ubao ni bora kuliko kufika upesi na uti umekatika.

Kutoka kijijini nilipelekwa Chake Chake, kisha bandari ya Mkoani, nikavushwa kwa meli hadi Unguja nimelala juu ya machela kati ya mizigo na abiria, kisha Dar es Salaam. Nilikaa hospitali miezi mitatu. Tuliuza ng'ombe wawili na kuweka rehani mikarafuu minane, na bado mke wangu aliuza bangili zake za mahari bila kuniambia. Yote kwa yote ilipita milioni sita. Siku ya kuruhusiwa daktari alikaa ukingoni mwa kitanda akaniambia polepole kuwa miguu haitarudi, na kwamba mkojo utaendelea kutoka kwa mpira. Nikamshukuru. Mpaka leo sijui kwa nini nilimshukuru, ila alikuwa mtu wa kwanza kuniambia ukweli.

Nyumbani wageni walijaa. Kila mmoja aliniambia "subiri, ni mtihani", na neno hilo ni la haki, Kurani imelitaja mara nyingi. Ila nililisikia kutoka vinywa vingi mno kiasi kwamba likaanza kunifunga mdomo. Nikisema maumivu, naambiwa nisubiri. Nikisema godoro limekwisha, naambiwa nisubiri. Akaja na jamaa mmoja akakaa karibu kabisa na sikio langu akasema, "Ndugu yangu, imani ikiwa kamili dua hairudi. Jichunguze." Nilijichunguza usiku kucha. Nikakumbuka kila baya nililotenda tangu ujana, nikaamini kwamba miguu yangu imekufa kwa sababu ya madhambi yangu.

Natamani siku ile ningekuwa nimeshaisikia habari ya yule mwanamke mweusi aliyekuwa na kifafa. Imo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Alimwendea Mtume akamwambia, mimi huanguka na huwa nafunuka nguo, niombee kwa Mungu. Mtume akamkhiyarisha: ukitaka subiri nawe utapata Pepo, na ukitaka nitamwomba Mwenyezi Mungu akuponye. Akasema atasubiri, lakini aombewe asifunuke, naye akamwombea hilo. Basi tazama. Mtume hakumwambia imani yako ndogo. Hakumuuliza ametenda nini. Alimpa uamuzi mwenyewe, na lile dogo alilolitaka, la stara yake, hakulidharau. Bibi huyu hakupona, na Ibn Abbas alikuwa akimwonyesha mwanafunzi wake Ata kwa maneno haya: je, nikuonyeshe mwanamke wa watu wa Peponi? Anayemwambia mgonjwa kwamba hakupona kwa uchache wa imani, na amwambie na huyu.

Sasa nifike pale ninapoona haya zaidi. Mwezi wa tano tangu kuanguka, ami yangu, aliyebaki kuwa mkubwa wa ukoo baada ya baba kufariki, aliamua nipelekwe kwa mganga. Huwezi kumkatalia ami kirahisi, na mimi mwenyewe ndani ya moyo nilitaka kwenda. Mganga alisema mkarafuu ule una mwenyewe, na nimekanyaga kiti chake. Akataka mbuzi mweusi, kaniki, na shilingi laki sita. Tukatoa. Nikakalishwa juu ya mkeka sakafuni, mgongo nimeegemezwa nguzo, usiku mbili na mchana wake, moshi na ngoma, hirizi mbili mkononi na moja kiunoni.

Mtu mzima akikaa sakafuni nusu saa anajigeuza bila hata kujua kuwa amejigeuza. Mimi sikuwa na hisia za kuniambia nijigeuze. Siku ya tatu mke wangu akiniosha aliona alama juu ya kifandugu, upana wa sarafu, rangi ya zambarau iliyoiva. Baada ya wiki ikawa nyeusi. Baada ya wiki nyingine ngozi ilifunguka na kidole kiliweza kuingia. Sikusikia maumivu hata kidogo, harufu ndiyo iliyoniambia. Kidonda kile kilichukua mwaka na miezi kupona, nikarudi hospitali mara mbili, na safari moja homa ilinipanda mpaka nikawa siwajui wanangu. Kama kuna jambo moja tu utalishika hapa, lishike hili: mtu asiyehisi mwili wake ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na awe na kioo kidogo cha kutazama matako na visigino kila asubuhi. Akiwa kwenye kigari ajiinue kwa mikono kila nusu saa. Ukiona wekundu usioondoka, asilalie hapo tena mpaka uishe. Kioo changu ni cha mke wangu cha wanja, nakitumia hadi leo.

Na hirizi nilizozivaa, Mtume amesema mwenye kutundika hirizi amefanya shirki. Na kuhusu mwenye kumwendea mtabiri akamuuliza jambo, amesema sala yake haikubaliwi siku arubaini. Hayo nilikuwa nayajua tangu chuoni. Nilikwenda nikiyajua. Mtu aliyekata tamaa hakosi elimu, anakosa mkono wa kumshika. Mtume huyo huyo aliwaambia watu wa jangwani waliomuuliza kama watumie dawa: jitibuni, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea na dawa yake. Laki sita zile zingenunua godoro zuri na kubaki.

Wakati wote huo sikuwa nasali. Hilo hakuna aliyelijua isipokuwa mke wangu. Wageni walipokuja wakati wa adhuhuri walitoka kwenda msikitini, wakarudi, hakuna aliyeniuliza. Nilijiona ni najisi inayotembea, na hata kutembea sitembei. Mfuko wa mkojo unaning'inia kando ya kitanda, kidonda kinatoa maji, udhu utakaa wapi? Nikajiambia nikipona nitasali. Nilipojua sitapona, nikanyamaza tu.

Aliyenitoa huko ni maalim wangu wa chuo, mzee aliyenifundisha alifu na be. Alikuwa naye anaumwa macho siku nyingi, ndiyo maana alichelewa kuja. Aliingia, akakaa, akanywa chai yote bila haraka, kisha akaniuliza, "Mwanangu, unasali vipi?"

Hakuuliza kama nasali. Aliuliza vipi. Nililia mbele yake kama mtoto, nikamwambia, "Maalim, miezi saba."

Hakunikemea. Aliomba aonyeshwe mpira na mfuko, akaushika kwa mikono yake, akamwambia mke wangu asogee asikie na yeye. Akanieleza habari ya Fatima binti Abi Hubaish, aliyekuwa damu haimkatiki, akamuuliza Mtume kama aache sala. Mtume akamwambia hiyo si hedhi, ni mshipa tu, na akamwamuru atawadhe kwa kila sala. "Wewe ni jirani yake huyo," Maalim akasema. Utaratibu aliotupa, kwa madhehebu yetu ya Shafi, ni huu ninaoufuata: wakati wa sala uingie kwanza. Mfuko umwagwe, pasafishwe, pafungwe vizuri kitambaa safi. Kisha nitawadhe na nisali papo hapo bila kuchelewa. Kinachotoka baada ya hapo kimesamehewa. Sala ya faradhi nyingine ikiingia, narudia. Penye bandeji ya kidonda maji yasifike, hapo tayamamu, yaani kujipaka vumbi safi badala ya maji, inaziba pengo, nayo ina maelezo yake kulingana na mahali kidonda kilipo, kwa hiyo muulize mwenye elimu aje akuone ulivyo, usitosheke na jibu la simu.

Kuhusu kusimama alinisomea hadithi ya Imran bin Husain, aliyekuwa na bawasiri: sali umesimama, usipoweza sali umekaa, usipoweza sali kwa ubavu. Akanikalisha nimeegemea ukuta, akanionyesha rukuu kwa kuinamisha kichwa, na sijda kwa kukiinamisha zaidi ya pale. Kisha akatazama kitanda akasema, "Kitanda hiki kimelala upande si wake." Yeye na mwanangu mkubwa wakakigeuza kikaelekea kaskazini, kibla chetu. Muda wote tangu nirudi nyumbani nimelala nimekipa kibla kisogo, na kukigeuza kulichukua dakika mbili.

Sala zilizonipita alisema ni deni, maana akili yangu ilikuwa timamu, ila deni hulipwa kidogo kidogo. Kila faradhi moja niisindikize na moja ya kadha, yaani ya kulipa iliyonipita. Binti yangu alikuwa na kipande cha chaki, akawa ananichorea mstari nyuma ya mlango kila siku inapokamilika. Mistari ile ipo bado, tumepaka chokaa nyumba nzima na mlango tukauacha.

Yeyote anayekwenda kumzuru mtu aliyevunjika mgongo, au aliyepigwa na kiharusi, au aliyekatwa mguu: ukitoka kumsomea dua, muulize swali la Maalim. Wengi wako kimya kwa haya.

Ramadhani ya kwanza nilifanya kosa jingine. Daktari alinionya kwamba mwenye mpira anahitaji maji mengi mchana kutwa, figo zisije zikaoza. Nikafunga kwa siri, nikitaka kufidia miezi ile. Siku ya sita nilikuwa natetemeka chini ya mablanketi matatu, mkojo mzito kama mchuzi. Maalim alikasirika, na ni mara ya pekee niliyomwona amekasirika. Akanisomea aya ya 185 ya Suratul Baqara, kwamba Mwenyezi Mungu anatutakia yaliyo mepesi wala hatutakii yaliyo mazito. Kwa kuwa hali yangu ni ya kudumu, natoa kibaba cha mchele kwa kila siku, anapewa masikini. Mwanzo nilikuwa nakitoa nikiwa na huzuni. Sasa nakipima mwenyewe.

Mke wangu naye aliambiwa na watu wake bado u kijana, omba talaka, sheria inakuruhusu. Ni kweli inamruhusu, na sikumlaumu hata mmoja wao. Nilimwambia mwenyewe usiku mmoja kwamba nikimwacha huru sitakuwa na kinyongo. Alikuwa anakanda mguu wangu wa kulia, asiache kukanda akasema, "Ukinichoka wewe, sema. Lakini usiniamulie mimi." Mambo ya ndani ya ndoa baada ya kuvunjika mgongo yana madaktari wake na yana fatwa zake, ulizeni bila kuoneana haya. Sisi tulikaa miaka miwili bila kuuliza na ilituumiza bure.

Baada ya mwaka mmoja na nusu kidonda kilifunga na nikapata kigari. Ijumaa ya kwanza nilivaa kanzu iliyopigwa pasi tangu Jumatano. Mwanangu akanisukuma kwenye mchanga, magurudumu yanazama, tukafika tumelowa jasho. Msikiti una vidato vitatu na baraza. Watu wema wakaninyanyua mpaka barazani, hapo wakaniweka kando ya mlango, karibu na viatu. Khutba niliisikia vizuri, nikasali nikifuata sauti ya imamu. Joto lilikuwa kali, baada ya salamu nikavua kofia nikaiweka mapajani nijipanguse uso.

Watu wakaanza kutoka. Mtu mmoja ambaye si wa kijiji chetu, amepita safari zake, akainama akatia sarafu ya mia mbili ndani ya kofia yangu. Hakunitazama. Nyuma yake mwingine akaona, akatia mia tano. Mikono ikaja mingine miwili au mitatu. Mimi niliyekuwa kila Ijumaa natoa kwenye mlango ule ule, nilikaa nimeduwaa, sina ulimi wa kuwaambia chukueni. Mwanangu, wakati huo ana miaka kumi na miwili, aliitoa kofia mapajani mwangu, akamwagia zile pesa kwenye sanduku la msikiti, akanivisha kichwani. Njiani hatukuzungumza.

Sikurudi kwa wiki tisa. Na watu wapole walioniona walinisaidia nisirudi: "Wewe una udhuru, Jumaa si lazima kwako, sali nyumbani, thawabu zako ziko pale pale." Msingi wa maneno hayo upo. Kurani inasema hapana lawama juu ya kipofu, wala juu ya kiguru, wala juu ya mgonjwa, na iko hadithi kwamba mja akiugua huandikiwa yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima. Lakini udhuru amepewa mlemavu mwenyewe autumie akihitaji. Hakuupewa mwingine kuwa kufuli la kumfungia ndani. Amr bin al-Jamuh alikuwa kiguru, na wanawe walimzuia asiende vita vya Uhud, wakamwambia Mungu amekusamehe. Alikwenda kwa Mtume kushtaki, akasema anatarajia kuikanyaga Pepo kwa kiguu chake hicho. Mtume alimwambia ni kweli una udhuru, kisha akawaambia wanawe wasimzuie. Akenda, akafa shahidi.

Na yuko Abdullah bin Umm Maktum, kipofu, aliyeomba ruhusa ya kusali nyumbani kwa kuwa hana wa kumwongoza. Mtume akamruhusu, alipogeuka kuondoka akamwita: je, unasikia adhana? Akasema ndiyo. Akamwambia, basi itikie. Nilipokuwa mzima niliiona hadithi hiyo ngumu. Nikiwa kwenye kigari nikaisoma tena nikaona kumbe kuna mtu anatakiwa. Pengo lake safuni linaonekana.

Maalim alipojua kwa nini siendi, hakuja kunisemesha. Alifanya darsa baina ya magharibi na isha, akafasiri Suratu Abasa mwanzo mpaka aya ya kumi, mke wangu akanisimulia kwa kuwa alikuwa upande wa wanawake. Mnaijua habari. Mtume alikuwa na wakubwa wa Makureshi, anatumaini wasilimu, Ibn Umm Maktum akaja akimwomba amfundishe. Mtume akakunja uso akageuka, na Mwenyezi Mungu akateremsha lawama inayosomwa mpaka leo. Maalim akawauliza watu: kipofu anaona uso uliokunjwa? Hakuona. Hakuna neno baya aliloambiwa. Basi kama jambo ambalo hata halikumfikia mwenyewe liliteremshiwa aya, mnadhani ni dogo kumwacha mtu kwenye viatu?

Kisha akawakumbusha kuwa Ibn Umm Maktum alikuwa muadhini wa Madina pamoja na Bilal. Katika Ramadhani watu walikuwa wakila na kunywa kwa adhana ya Bilal ya usiku, na wakijizuia kwa adhana ya kipofu. Mtume akisafiri alimwachia Madina zaidi ya mara moja, awasalishe watu. Kipofu alikuwa mbele ya safu, na nyuma yake watu wenye macho yao.

Haikuisha kwa darsa. Kamati ya msikiti ilikaa. Mzee mmoja, naye ni mtu mwema, alisema magurudumu yanaleta najisi ndani. Hoja hiyo utakutana nayo popote uendapo, jiandae nayo. Maalim alimjibu kwa upole: Mtume katika hija yake ya kuaga, mwaka wa 10 Hijria, alitufu Al-Kaaba, yaani aliizunguka, akiwa juu ya ngamia, akiigusa nguzo kwa bakora. Na mkewe Ummu Salama alipolalamika kuwa anaumwa, alimwambia atufu nyuma ya watu akiwa amepanda mnyama. Ngamia anakanyaga kila njia, na anakunya. Aliingia mahali patakatifu kuliko pote duniani. Na tope la njiani wanavyuoni wetu wamelisamehe kwa kuwa halikwepeki. Hata hivyo mimi nilisema nitaosha magurudumu, na tumekubaliana hivyo: pana bomba na kitambaa upande wa kulia, mwanangu anayafuta kabla ya kuingia. Nakaa mwisho wa safu ya kwanza, ukingoni, mabega yangu sawa na ya mwenzangu, nisikate safu katikati. Ukitaka kuomba jambo hili msikitini kwenu, usiende peke yako na usianze na malalamiko. Nenda na mtu wanayemsikiliza, nenda na dalili, na nenda na hesabu. Sisi tulikwenda na hesabu ya mifuko mitatu ya saruji na fundi wa kijijini aliyekubali kufanya kazi bure. Mteremko uwe mrefu na mlalo. Wa kwetu wa mwanzo tuliujenga mfupi, kigari kikawa kinarudi nyuma, ikabidi tuubomoe.

Katika kutafuta dalili hizo nilisoma pia kuhusu khalifa al-Walid bin Abdul-Malik wa Bani Umayya, aliyetawala kuanzia mwaka 705 hadi 715. Wanahistoria wameandika kuwa aliwapangia wenye ukoma posho wasiombe watu, akampa kila asiyejiweza mtumishi, na kila kipofu mwongozaji. Pesa ya serikali, si sarafu kofiani. Sisemi sadaka ni mbaya. Nilikula zaka mwaka mzima na niliihitaji, kwa sababu nilikuwa fukara. Lakini zaka inakwenda kwa masikini kwa umasikini wake. Kigari si umasikini, na yuko mlemavu ambaye yeye ndiye anayepaswa kuitoa. Nilipojiunga na Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar nilikutana na walimu, mafundi, wafanyabiashara wenye vigari, nikaanza kudarizi kofia za viua, kazi niliyoiona kwa mama yangu tangu udogo. Tundu moja moja, sindano na uzi, mikono yangu ni mizima. Kofia moja inanichukua wiki nne hadi sita, na mikarafuu mitano kati ya minane imesharudi kutoka rehanini.

Watoto wa mtaani walikuwa wakiniita Kiwete. Siku hizi wananiita Muadhini, kwa sababu alfajiri za Jumatatu na Alhamisi ni zamu yangu. Maalim aliniweka kabla hajafariki. Kipaza sauti kimeshushwa kikafungwa kwenye nguzo usawa wa mdomo wangu.

Mteremko wetu uko mlango wa wanaume tu. Hilo sikuliona kwa miaka mitatu, mpaka jirani yetu mmoja, mama aliyepooza mguu tangu utotoni, aliponiuliza njiani, "Kaka, na sisi vidato vyetu vinne mmevisahau?" Nilikosa la kumjibu. Kamati imekubali. Mifuko miwili ya saruji ipo barazani kwangu nimeifunika turubali, wa tatu tunauchangia, na mchanga unaletwa Jumamosi kwa gari la ng'ombe.